Nyota Iliyomleta Mama Mkwe

Monari, Mkisii auzaye misumari na mabati pale Rangwe, ni Msabato asiyegusa hata majani ya chai. Jumapili moja alitangaza nyumbani kwamba nyota fulani katika kundi la Mashuke kumbe ni mbili, zimekaribiana mno, naye amezitenganisha kwa darubini yake ndogo. Mkewe Millicent akampigia mama yake simu huko Muhuru Bay, akamsimulia kwa fahari. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: mama alisikia jambo moja tu. Mwanamume anayeona kitu kimoja kuwa viwili amelewa.

Kesho yake mama huyo, Priscilla, alifika na mkoba mtupu, wa kubebea nguo za bintiye.

"Kama si pombe, anionyeshe hizo mbili," alisema. "Nikikosa kuziona, Millicent, nyathina, mwanangu, tunaenda nyumbani."

Angemnusa pumzi na kesi ikaisha, lakini mtu na mama mkwe hawakaribiani, si kwa Waluo wala kwa Wakisii. Basi walipomaliza kula, na Priscilla kunywa uji aliopewa na bintiye, Monari akailenga nyota pale uani, akakimbia kujificha nyuma ya tangi la maji, akaita, "Tayari!" Priscilla akaja kwa mwendo wa heshima, akifunga leso vizuri, akainama.

"Naona giza."

Jamani! Dunia inazunguka, na darubini ya Monari haina mota ya kuifuata nyota. Nyota nayo haimsubiri mtu afunge leso. Priscilla akaondoka, Monari akarudi, akalenga, akakimbia. Giza. Mara ya tatu alijikwaa kwenye karai, akaenda chini kwa kishindo.

"Sikia vile anaanguka," Priscilla alisema.

Monari alitaka kulia. Alimpenda Millicent kuliko nyota zote, na sasa nyota ndiyo iliyotaka kumwondolea mke. Ndipo akili ikamjia: asiilenge nyota, alenge mbele yake, pale itakapokuwa mama akishafika. Akafanya hivyo, akajificha, akaomba kimoyomoyo.

Priscilla aliinama. Akapangusa jicho kwa leso, akaangalia tena.

"Ni ngapi, mama?" Millicent aliuliza kwa woga.

"Mbili."

Nyuma ya tangi Monari aliruka juu kwa furaha, na Millicent akapiga kigelegele. Lakini Priscilla alimvuta bintiye kando, akamnong'oneza:

"Millicent, ule uji ulinipa, uliweka nini ndani?"