Rupia Niliyoisugua

Mzee Mayunga wa Maswa sijamwona kwa macho hata siku moja, na sasa sitamwona. Lakini kuna mwanamke nyumbani kwake, mke wa mwanawe, aliyefukuzwa kwa ajili ya mikono yangu hii. Nasema mapema, usije ukanionea huruma kabla hujanijua.

Nilikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika hapa Sumbawanga. Biashara ilipoachiwa huru ghala likafungwa, nami nikaanza kutandaza mitumba sokoni. Huko ndiko nilikopata ugonjwa wa sarafu za zamani. Bibi wa vijiji vya Kate au Chala akija kununua sweta, akifungua fundo la kanga, mimi natazama fundo kuliko uso wake. Nilikusanya senti za tundu, shilingi za mfalme mwenye ndevu, hela za Mjerumani. Moja tu sikuwahi kuitia kwenye hesabu ya kubadilishana: hela ya shaba ya babu yangu, aliyoitunza kwenye kijaluba cha ugoro. Mke wangu Redempta alikuwa akinicheka.

"Baba Evans, wenzako wanatafuta pesa zinazonunua, wewe unatafuta zilizokufa."

Jina la Mzee Mayunga nililikuta gazetini, ukurasa wa marafiki wa kalamu. Mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, anatafuta wa kubadilishana naye sarafu. Nikamwandikia. Akajibu kwa masharti mengi kuliko ya mahari. Aliyeanza kuandika ndiye aanze kutuma. Tuanze na ndogo. Na kila sarafu itanguliwe na barua yenye sura yake: unalaza karatasi juu ya sarafu, unasugua penseli mpaka alama zote zijitokeze. Barua isomwe kwanza, ndipo kifurushi kifunguliwe, ili mpokeaji ajue kilichotoka ndicho kilichofika.

Nikatuma senti tano, akatuma senti kumi. Tukapanda hivyo miaka miwili, mimi sijui sura yake, yeye hajui yangu. Sarafu zake zilifungwa kwa pamba ya kwao na kushonwa ndani ya kitambaa. Akaanza kuniita mwanangu.

Mwaka wa tatu, mwezi wa pili, nikaitwa posta kuchukua kifurushi cha rejista. Barua ilikuwa haijafika; mvua zilikata barabara na magunia ya barua za kawaida yalikuwa yamekwama njiani. Sharti nililijua. Nikasema moyoni, nikichungulia tu nani ataniona? Nikafumua uzi.

Ilikuwa rupia ya fedha, ile ya Kaisari wa Mjerumani mwenye kofia yenye sanamu ya tai, imetobolewa karibu na ukingo. Nyeusi tititi, weusi umeingia mpaka machoni mwa Kaisari. Ndani mlikuwa na kikaratasi: "Hii si ya kubadilishana. Ni amana. Ikae kwako mpaka Pasaka, kisha inirudie. Mengine yamo kwenye barua."

Amana! Nikavimba kichwa. Sasa, nyumbani kwetu chombo cha mtu hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu. Ukiazima chungu kwa jirani unakisugua mpaka masizi yaishe, ndipo unakirudisha na maharage kidogo ndani. Marehemu mama alitulea hivyo kwa fimbo. Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha mzee kwamba amana yake ilifikia kwa watu. Nikachukua majivu na limau, nikakaa uani, nikasugua asubuhi nzima. Kaisari akatoka anang'aa kama katengenezwa jana. Redempta akaiweka kiganjani.

"Hapo atafurahi," akasema.

Barua ilifika siku tisa baadaye.

"Mwanangu, usiushangae weusi wake. Mama yangu aliivaa shingoni tangu alipoolewa mpaka tulipomzika. Ni samli yake, moshi wa jikoni kwake na jasho lake. Picha yake sina. Nikimkumbuka naipapasa kwa kidole gumba. Nimekupa wewe uishike, nione kama kweli tumekuwa ndugu."

Niliisoma nimesimama pale pale posta. Yule mama nilikuwa nimemmwaga uani pamoja na maji ya limau, na kuku wakapita juu yake.

Hapo ndipo ningesema. Nisamehe, neno moja tu, halina hata gharama ya stempu ya pili. Lakini niliogopa kumpoteza mzee, na mwoga hana akili. Nikaandika: "Mzee, rupia imefika iking'aa. Nadhani hapo nyumbani kuna mtu aliisugua kabla ya kuifunga." Nikairudisha, na ndani nikatia senti ya tundu, isirudi tupu. Uongo na adabu nikavishona ndani ya kitambaa kimoja.

Mwezi wa nne rejista nyingine ikaja. Safari hii barua ilitangulia, nikaisoma kwanza, kana kwamba utii wa sasa ungefaa kitu.

"Mwanangu, umenifumbua macho. Aliyeifunga ni mkwe wangu, Coleta. Nilimwuliza, akakana, akalia, akaapa. Nikajisemea, ndugu yangu wa Sumbawanga ana sababu gani ya kunidanganya? Nimemrudisha kwao. Rupia hii sasa ni fedha tu, mama hayumo tena. Ichukue wewe, mtu mkweli."

Nikaitia rupia na barua kwenye mfuko wa koti moja la mtumba, nikalitundika nyuma kabisa. Wiki mbili zikapita. Mteja akaliona lile koti, akalitaka, nikamfokea kama mwizi. Redempta akalifuata lile koti. Alilishusha, akapekua mfuko, akasoma.

"Umemfukuza mtoto wa watu."

"Sikumfukuza mimi, Mama Evans."

"Nani basi? Kaisari?" Akanirudishia barua. "Andika. Na huyo binti umtaje kwa jina."

Niliandika kurasa nne za kujitetea, nikazichana. Ikabaki mistari michache: "Coleta hana kosa. Niliisugua mimi, kwa majivu na limau, kabla ya kusoma barua yako. Kisha nikakudanganya. Mrudishe Coleta. Mimi si mtu mkweli." Nikaifunga rupia. Na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, nikatia hela ya babu, na kikaratasi cha kusema ni ya nani; ugoro wake ulikuwa umeganda ndani ya mchoro wa taji. Sikuwa na kitu kingine chenye uzito wa kufanana.

Nikakaa nikisubiri. Mahindi yakavunwa, upepo wa kipupwe ukapita, ndipo nikaitwa posta. Mwandiko haukuwa wa mzee.

"Kwako Romani. Baba mkwe alinifuata mwenyewe kwa baiskeli, akaniomba radhi mbele ya baba yangu. Rupia amenivika mimi. Anasema nikizeeka nayo itakuwa nyeusi tena, ila kwa jasho langu, siyo la mama yake. Amekwisha kuacha kuandikiana na watu asiowaona. Kaniambia nikujibu mimi, maana ni mimi niliyesingiziwa. Hela ya babu yako hii hapa. Hatukuiosha."

Nikafumua uzi. Kweli, ugoro ulikuwa bado umo ndani ya taji, kama nilivyoutuma. Nikaichambua pamba yote, kipande kwa kipande, pale pale kwenye benchi la posta. Hamkuwa na kitu kingine.