Msumari Anadai Jina Lake

Kuna watu ukiwanyima mkopo hurudi nyumbani wakalala chali kuhesabu mabati. Msumari hakuwa na muda huo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu akitengeneza makochi hujaza misumari midogo mdomoni, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuigonga. Na ole wako umsemeshe kabla hajamaliza! Utajibiwa kwa nyusi.

Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba. Miaka mitatu nyuma ngazi ilimtupa kutoka ghorofa ya pili, nyonga ikavunjika. Sasa alitembea kwa fimbo, na alishinda karakanani kwa mkewe akipima vitambaa na kukata sponji. Siku Msumari aliporudi kutoka chama cha akiba na mikopo, mume alimsoma uso kabla hajavuka kizingiti.

"Wamekataa?"

"Wamekataa. Wanasema kompyuta hainitaki."

Mezani kulikuwa na kazi ya kufa na kupona: viti arobaini vya ukumbi wa mikutano, malipo viti vikishafika. Sponji, mbao na vitambaa vilitaka fedha za kuanzia, na mwenye ukumbi alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kodi ya karakana nayo ilikuwa imewafika shingoni. Wakikosa viti hivyo, wanafunga mlango.

"Ni mguu wangu huo," mume akasema. Alikuwa na tabia hiyo, masikini. Mvua ikinyesha, mguu wake. Misumari ikipanda bei, mguu wake.

"Mguu wako haukujaza fomu," Msumari akamkata. "Hebu shika tepu."

Lakini mume hakuwa amekosea kabisa. Alipoanguka, Msumari alikuwa na mkopo wa cherehani nzito kwenye benki moja ndogo. Miezi saba hakulipa hata senti, kila kilichoingia kilikwenda hospitalini. Baadaye akaanza kulipa kidogo kidogo. Aliuza hata kochi la sebuleni kwake; fundi makochi mzima, anakalia ndoo! Mwaka jana akamaliza deni lote. Sasa hiyo kompyuta ilikuwa inasema nini?

Kesho yake wakaenda ofisi ya taarifa za mikopo. Mume alishangaa kusikia kwamba mtu wa kawaida anaweza kuingia na kitambulisho chake, akaomba kuona alichoandikiwa, na asilipe kitu. Miaka yote alidhani hiyo ni siri ya wenye benki.

"Mtu akikusengenya, una haki ya kusikia anasema nini," Msumari akamwambia.

Wakapewa kurasa tatu. Alama za Msumari za uaminifu wa kulipa madeni zilikuwa mia nne na kumi, na chama kilitaka mia tano na hamsini. Mume aliiona namba ile, akashika fimbo yake tayari kuondoka. Mkewe hakuitazama mara mbili. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka polepole jinsi anavyotafuta tundu kwenye kitambaa kipya, hadi ukurasa wa pili. Mkopo wa cherehani: haujalipwa.

"Uongo mtupu!" Ofisi nzima iligeuka.

"Tulia, mama," karani akasema. "Lete barua ya benki ya kumaliza deni, tutarekebisha."

Hapo mume na mke wakatazamana, kisha wote wawili wakatazama sakafu. Kwa mafundi makochi, mteja akimaliza kulipa, ile karatasi ya deni huchanwa mbele yake ili kila mtu aone hakuna tena kudaiana. Na Msumari, siku aliyopewa barua ya benki, aliingia nayo karakanani mbio, akaichana vipande vipande mbele ya mumewe, wakapiga makofi. Loo! Heri wangepigana makofi.

Msumari akaenda kuomba nakala, benki ikamwambia njoo kesho. Kesho ikawa njoo kesho. Siku ya tatu Msumari alikwenda na mumewe, mkoba wa vifaa begani. Benchi la wateja lilikuwa limetoboka, springi imetoka nje inachana watu nguo. Alisubiri saa moja, akasubiri mbili, kisha akapiga magoti, akajaza misumari mdomoni na kuanza kugonga. Mume alitaka ardhi immeze. Meneja akatoka ofisini amekunja uso.

"Nani anagonga humu?"

Hakujibiwa. Alisubiri kama wanavyosubiri wengine, mpaka msumari wa mwisho ukaingia.

"Mimi," Msumari akasema akijipangusa magoti. "Nasubiri nakala ya barua yangu. Nikaona na benchi lenu linaumwa, bora nilitibu."

Wateja wakaangua kicheko. Kabla ya adhuhuri barua ilikuwa mkononi, na mhuri juu yake. Mume alimtazama mwanamke yule akishuka ngazi za benki na nyundo yake, akasema moyoni kwamba hata angezaliwa mara mbili, angeshinda njaa ili amuoe tena.

Wakaipeleka kwa karani wa taarifa za mikopo, na wiki iliyofuata alama zilipanda hadi mia tano na ishirini. Bado zilipungukiwa thelathini kufikia zile za chama. Karani akaeleza kwamba ile miezi saba ya kuchelewa itabaki kwa muda, kwa kuwa ni kweli ilitokea.

"Kama ni kweli, iacheni," Msumari akasema. "Nilidai uongo utoke, basi."

"Lakini una haki ya kuambatanisha maelezo mafupi. Mkopeshaji atayasoma."

Mume akaruka. "Andika ni mimi. Andika mume alianguka, akakutia hasara, deni lilikuwa lake."

Msumari akachukua kalamu, akampa mgongo, akaandika mistari michache na kuirudisha kwa karani. Mume alipouliza ameandika nini, alijibiwa kwa nyusi, na siku hiyo mdomo haukuwa na msumari hata mmoja.

Kule chamani, waliopungukiwa alama kidogo waliamuliwa na mwenyekiti wa mikopo, bibi mmoja mkavu ambaye watu walisema hata salamu huziombea dhamana. Akavaa miwani, akapitia kurasa, akafika kwenye maelezo. Akayasoma kwa sauti.

"'Miezi saba sikulipa. Fedha zilitosha kuokoa cherehani au mume, nikachagua mume. Ikitokea tena nitachagua hivyo hivyo. Cherehani nimeilipa yote.'"

Bibi akavua miwani. "Huyo mume mwenyewe yuko wapi?"

"Huyu hapa," Msumari akasema. "Ndiye anayenikatia sponji."

Bibi akamtazama mume kuanzia uso hadi fimbo, akavuta kalamu, akasaini mkopo.

Mume hakuiona saini. Miaka mitatu alikuwa akijihesabu hasara ya nyumba ile, na sasa amesomewa ofisini, mbele ya mtu asiyemjua, kwamba alichaguliwa. Alilia waziwazi, mtu mzima, fimbo ikamwanguka. Msumari akainama, akaiokota, akamshika mkono, na safari hii hakumwambia anyamaze.