Lori Linalomfuata wa Mwisho

Hakuna mtu anayetaka kupanda lori langu, na silalamiki, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Katika yale mashindano ya kuvuka jangwa kutoka Jeddah hadi Riyadh, pikipiki hutangulia, magari hufuata, halafu nyuma ya wote, vumbi likishatulia, nakuja mimi Japheth na lori la magurudumu sita lenye winchi, nikiokota walioshindwa. Wanaliita Fagio. Ukiniona nimesimama kando yako, ujue mbio zako zimekwisha. Pole, panda, maji baridi yako pale nyuma ya kiti.

Sheria zangu ni mbili. Fagio halimpiti mtu: wa mwisho akienda mwendo wa kobe, nami ni kobe. Na nikigusa chombo chake, hata kwa kidole kimoja, ametoka mashindanoni. Kumpa maji, sawa. Kumsalimia, sawa. Kumwinulia pikipiki iliyoanguka, ng'o.

Sasa hebu sikia siku ya mwisho ya mashindano ya mwaka huu ilivyonifanya.

Mke wangu Lydia ni nesi Riyadh. Mimi kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, yuko Jeddah na chumba changu kiko Aziziya, kwa hiyo tumeoana lakini katikati yetu kuna jangwa zima. Mkataba wake ulikuwa umeisha. Usiku huo alikuwa anapanda ndege kurudi nyumbani Eldoret, kwa watoto, na mimi bado nilikuwa na mwaka mzima wa kazi. Tulikuwa tumepanga vizuri: nifike Riyadh adhuhuri, nioge, twende Al-Dirah kwa yule jamaa wa Mombasa anayepika pilau, tumnunulie mama kitambaa, kisha nimsindikize uwanja wa ndege. Nikiukosa mchana huo, basi, simwoni tena mpaka mwaka uishe. Asubuhi kambini, kabla mtandao haujapotea, aliniandikia: "Saa sita. Ukichelewa nakula sahani yako."

Halafu Mungu akanipa Mzee Hashim.

Mzee Hashim ni mtu wa Jeddah, ana duka la manukato kule Al-Rawdah, ana wajukuu, ana ndevu nyeupe pe, na kwa sababu anazozijua mwenyewe aliamua uzeeni kuendesha pikipiki jangwani, peke yake, bila fundi wala msaidizi. Mwaka juzi nilimbeba. Mwaka jana nikambeba tena, akalala kwenye kiti akikoroma mpaka kambini. Mwaka huu wanawe walimwambia hii ndiyo ya mwisho, akishindwa pikipiki inauzwa. Namba yake ya mgongoni ni mia moja sitini. Kwa karibu wiki mbili nilikuwa nimeutazama mgongo huo mpaka nauota.

Asubuhi hiyo alianguka hata kambi haijapotea machoni.

"Ameanguka," akasema Zephania. Huyu ndiye mwenzangu ndani ya lori, Mtanzania wa Mwanza, mtu mpole mpaka anakera, kila saa ana tende mdomoni.

"Naona. Kwani mimi sina macho?"

"Atainuka."

"Atainuka lini? Kesho?"

"Kaka Japheth, kula tende."

Sikutaka tende. Nilitaka Riyadh. Mzee akainuka, akapangusa miwani, akaiegemea pikipiki kwa mgongo akaisukuma mpaka ikasimama, akawasha, akaondoka. Akapanda tuta la kwanza, akashuka. La pili akapanda, akashuka. La tatu likamtupa. Nikazima injini nikalaza kichwa kwenye usukani.

"Unamwombea mabaya," Zephania akasema.

"Simwombei mabaya. Namwombea apumzike. Mtu wa umri ule si apumzike? Kuna kiti hapa, kuna kiyoyozi, kuna tende zako."

Akacheka, na mimi nikakasirika zaidi, kwa sababu nilikuwa nasema kweli. Mzee angepanda, tungekata kulia tukaipata lami, na kabla ya saa sita ningekuwa bafuni najisugua. Ilitosha nishuke nimwambie kwamba mke wangu anasafiri leo. Mzee yule ana moyo mwema, angeniachia hapo hapo bila kuuliza la pili. Kila alipoanguka nilishuka na chupa ya maji, maneno hayo yakiwa yamenijaa mdomoni. Kila mara nikampa maji, nikamuuliza, "Mzima?" akajibu, "Alhamdulillahi," nikarudi kwenye lori nikaubamiza mlango.

"Umemwambia?" Zephania akauliza.

"Nimwambie nini? Funga mdomo wako huko."

Saa sita ilinikuta katikati ya matuta. Nikamwona Lydia kichwani mwangu ameketi Al-Dirah, sahani mbili mbele yake, anatazama mlango. Iliniuma, sitaficha. Nikaupiga usukani ngumi, honi ikalia, na mzee kule mbele akainua mkono kunipungia. Alidhani namshangilia.

Alasiri tukafika tuta kubwa la mwisho. Baada ya hapo ni tambarare ya changarawe hadi kwenye utepe wa kumalizia mbio, na juu ya tuta unaona kwa mbali nguzo za umeme zinazoingia Riyadh. Mzee akaliendea kwa kasi, akafika karibu na kilele, gurudumu la mbele likazama, na pikipiki ikamlalia mguu. Akajichomoa. Hakuumia. Lakini safari hii hakuinuka. Alivua kofia ngumu akaketi kwenye mchanga.

Nikasubiri. Sheria ni kusubiri. Zephania aliacha kutafuna. Tulikaa pale kitambo kirefu, mpaka nikaona hapana, nikashuka na maji.

Akanywa yote. Kisha akavua glavu, akazikunja moja juu ya nyingine polepole, kama mwenye duka anayekunja kitambaa jioni, akazitia mfukoni.

"Halas, Japheth," akasema, yaani basi, imekwisha. "Chukua."

Akanionyesha pikipiki. Ndilo neno nililokuwa nikilingoja tangu asubuhi. Ilibaki kunyoosha mkono tu, niguse usukani wake, na mambo yamekwisha. Mkono wangu ulianza kwenda, haki ya Mungu, ulikuwa unaenda. Halafu nikainua macho nikaziona zile nguzo za umeme, nikamwangalia mzee na glavu zake zilizokunjwa, na hasira iliyonipanda sijawahi kuiona maishani mwangu.

"Ala! Unasema nini wewe?" Kiswahili kilinitoka chote, Kiarabu kilikimbia. "Sikiliza, mzee! Mke wangu anaondoka leo. Leo! Pilau langu limeliwa! Tangu asubuhi nakufuata, unaanguka nasimama, unainuka naenda, sijakupita, sijakuambia neno, halafu unakuja kuniachia hapa, na Riyadh ile pale? Kama ulitaka kuacha ungeacha asubuhi niwahi! Umeshanikosesha mke wangu, sasa utamaliza! Utamaliza hata kwa kutambaa! Mafi halas! Umesikia? Mafi halas!"

Bila shaka aliyaelewa hayo mawili ya mwisho tu, kwamba hakuna kwisha. Alinitazama mdomo wazi. Kisha akamgeukia Zephania, ambaye Kiarabu chake ni kizuri kuliko changu, na Zephania kwa upole wake ule akamweleza: mkewe anasafiri leo usiku, walikuwa waonane adhuhuri.

Uso wa mzee ulibadilika. "Kwa nini hukuniambia asubuhi?" akaniuliza.

"Kwa sababu ungeacha," nikamjibu.

Nilipolisikia jibu hilo likitoka kinywani mwangu ndipo nami nilipojua kwamba ndiyo sababu. Siku nzima nilikuwa nikijidanganya kuwa ni ugumu wa lugha. Kumbe nilitaka afike. Nilitaka vibaya sana afike, yule mzee, na nilikuwa nimekasirika naye kama unavyokasirikia mtu wa nyumbani.

Mzee alizitoa glavu mfukoni akazivaa. "Yalla," akasema, twende.

Kuiinua ile pikipiki ilikuwa kazi. Mara ya kwanza ilimteleza. Mara ya pili ilimrudisha chini akakaa kitako. Mimi nimesimama karibu kabisa, nimeipeleka mikono nyuma na kushika mkanda wangu mwenyewe, maana mikono ilikuwa haitulii. "Mgongo, mzee, weka mgongo!" nikapiga kelele. "Miguu! Sukuma kwa miguu!" Zephania naye juu ya lori anapiga makofi na kuhesabu, "Moja, mbili, tatu, haya!" Pikipiki ikasimama. Mzee akaikumbatia kidogo, akapumua, akawasha, akakivuka kilele. Nilirudi kwenye lori nikikimbia.

"Sasa naomba tende," nikamwambia Zephania.

Kwenye tambarare mtandao ukarudi. Nikampigia Lydia. Inaita, hapokei. Nikapiga tena. Hapokei. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama na mbele yetu mzee anakwenda kwa mwendo wa mtu anayeogopa kuvunja mayai. Ameshakwenda uwanja wa ndege, nikawaza, yuko kwenye foleni, simu iko mkobani. Sikumlaumu. Nilisikitika tu, na pamoja na masikitiko hayo nilikuwa natabasamu kwa sababu ya ule mgongo mbele yangu, namba mia moja sitini, na sikujua nishike lipi.

Tulipokaribia utepe nilijua tutakuta watu wachache wakikunja mahema. Wa mwisho huwa hangojwi na mtu. Lakini nikasikia vigelegele. Nikashusha kioo. Vilikuwa vigelegele kweli, vya kwetu, vya harusi kabisa, jangwani.

"Hao ni akina nani?" Zephania akauliza.

Walikuwa wanawake sita au saba, wengine bado na sare za hospitali, wameshika pazia la wodi walilolichora kwa rangi: 160. Mbele yao, amevaa nguo za safari na raba nyeupe, anaruka juu chini kama msichana wa shule, ni Lydia. Wala hakulitazama lori. Alikuwa anamtazama Mzee Hashim. "Njoo, mzee! Njoo, baba! Umefika!" anapiga kelele kwa Kiswahili. Mzee akapita utepe, na wanawe waliokuwa wamesimama kando na sura za kungojea habari mbaya wakamkimbilia wakamshika pande zote.

Niliruka chini nikaenda kwa mke wangu. Alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

"Sijakula sahani yako," akasema. "Pilau liko kwenye hotipoti kwa gari la Stacy wa wodini. Masanduku pia. Nilijua utachelewa."

"Ulijuaje? Na mbona hupokei simu?"

"Simu anayo Stacy, wote wanaangalia kidoti cha mzee kwenye ramani ya mashindano!" Akanicheka. "Lori lako halionekani kwenye simu, Japheth. Washindani ndio wanaoonekana. Sasa wewe si huwa nyuma ya wa mwisho? Basi kila asubuhi kwa wiki mbili namtafuta wa mwisho. Nikiona mia moja sitini anasonga, najua mume wangu yuko hai, yuko nyuma yake amekasirika. Wodi nzima inamjua huyu mzee. Wagonjwa wanauliza, ameamkaje?"

Niliinama kuokota kofia yangu, naye akaendelea.

"Halafu leo alasiri akasimama. Hasogei, hasogei. Stacy akasema, ameacha, sasa Japheth atakuja haraka. Nusura nimzabe kofi. Nikapiga meza, nikakiambia kidoti chake kwenye simu: wewe! Umenikosesha mume wangu mchana kutwa, halafu uache sasa? Utamaliza hata kwa kutambaa!"

Nyuma yangu Zephania aliangua kicheko mpaka akakaa chini kwenye changarawe. Lydia akatutazama, hajui tunachochekea. Nilimwambia nitamweleza njiani.

Mzee Hashim akaja akiisukuma pikipiki, wanawe nyuma yake. Alimwamkia Lydia kwa mkono kifuani, akamwita madam, akamwambia mumewe ana sauti mbaya sana. Kisha akanigeukia, akaniachia usukani wa pikipiki.

"Sasa gusa," akasema.

Nikaigusa. Nikaishika kwa mikono yote miwili, nikaipandisha kwenye lori mwenyewe, bila winchi, nikaifunga kamba kama kitu cha mama yangu. Mzee akaenda na wanawe.

Yadi yetu ya kulaza malori hapo Riyadh iko kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Stacy akatangulia na masanduku. Lydia akaliangalia lori juu hadi chini, akauliza kama ni hili ambalo hakuna anayetaka kulipanda, akapanda. Aliketi kati yangu na Zephania, hotipoti mapajani, akawa ananilisha pilau kwa kijiko huku naendesha, ananieleza atakachowapikia watoto kesho, na mimi namweleza habari za tuta, tunacheka. Magari yalitupita. Malori ya mchanga yalitupita. Basi la wafanyakazi likatupita, dereva akapiga honi.

"Kaka Japheth," Zephania akasema, "barabara ni nyeupe. Mbona unaenda hivi?"

"Kula tende zako," nikamwambia, nikapunguza mwendo zaidi.