Kigoda Nyuma ya Sofa

Saa moja na nusu jioni Mzee Fremu alinawa gundi vidoleni, akakaa mbele ya televisheni kumsubiri mkewe. Binti yake, nesi wa wodi ya wanawake, alikuwa ameshavua viatu vya kazini na kujinyoosha mkekani. Tamthilia ikaanza. Tajiri na mke wake wakagombania urithi kama kawaida yao, na nyuma yao, kutoka mlango wa jikoni, akatokea mama na beseni lake la buluu. Alivaa gauni lile lile la maua, lililokosa kifungo cha pili.

"Mama amekonda," nesi alisema.

"Ni kamera tu hiyo," baba yake alijibu.

Mama alikuwa na miezi mitano tangu afariki, na alianza kuonekana wiki ya tatu baada ya mazishi. Waigizaji hawakuwa na habari naye. Alipita karibu kabisa, uso ukaonekana vizuri hadi kovu dogo la kwenye nyusi, kisha akazunguka nyuma ya sofa la tajiri, akatua beseni, akakaa kwenye kigoda na kunyoosha miguu. Hapo ndipo matangazo ya biashara yalipoingia. Majirani walishamzoea. Kaka yake mama, mtu wa maneno mengi, aliuliza siku moja kama wenye tamthilia wanamlipa. Alipoambiwa hawamlipi alisema haya, wamempata bure kama alivyopatikana nyumbani. Watu walicheka, na Mzee Fremu naye alicheka.

Nesi alikipenda kile kipande cha mwisho kuliko vyote. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona mama yake amekaa kitako mpaka mwisho wa jambo lolote. Baba alikuwa fundi wa fremu za picha na vioo vya ukutani, na kioo kikubwa hakikatwi na mtu mmoja. Lazima mwingine ashike upande wa pili. Huyo mwingine alikuwa mama. Awe anapika, awe ndiyo kwanza ametia tonge mdomoni, sauti ilitoka karakana: "Mama, njoo unishikie." Miguu yake ilipoanza kuvimba, nesi alimweleza baba waziwazi kwamba mama anatakiwa apumzike. "Atakaa," baba alisema. "Hii moja tu." Mama alifia kwenye hiyo hiyo moja, amesimama. Siku ya msiba baba aliwasimulia watu kwa fahari kwamba kioo hakikupata hata ufa, maana marehemu alikitua kwanza.

Basi kampuni ya king'amuzi ikapandisha bei kwa mara ya tatu ndani ya mwaka, na chaneli ya tamthilia ikahamishiwa kifurushi cha wenye nazo. Jumatatu, saa moja na nusu, mahali pa mama palikuwa na maandishi meupe yakimtaka mteja alipie. Mzee Fremu aliyakodolea macho maandishi yale nusu saa nzima, mikono magotini. Nesi alimwonea huruma. Kesho yake asubuhi alimshika mkono wakaenda dukani kutafuta kisanduku cha intaneti.

Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwawekea viwili mezani.

"Mnapenda kutazama nini hasa?"

"Mke wangu," Mzee Fremu alisema.

"Yule wa beseni?"

"Huyo huyo."

"Pole sana, mzee. Yumo kwenye vyote viwili. Hiki cha bei ndogo kinaonyesha moja kwa moja tu. Akipita kapita, kama ulivyozoea. Hiki kingine rimoti yake ina mshale. Unamsimamisha, unamrudisha, upendavyo."

Nesi alisema cha bei ndogo kinatosha. "Baba, kinamwonyesha mpaka anakaa. Unataka nini tena?"

Mzee Fremu aliichukua rimoti ya kile kingine, akaupapasa mshale kwa dole gumba. "Nataka kumwona uso," alisema. "Anapita upesi mno, mwanangu. Nimemkumbuka mpaka naumwa."

Nesi naye alikuwa amemkumbuka mpaka anaumwa. Wakachukua cha mshale.

Wiki tatu zilizofuata alipangiwa zamu za jioni. Wodini kulikuwa na televisheni juu ya mlango, na wagonjwa hawakuikosa tamthilia hata siku ya sindano. Wiki ya kwanza mama alipita akakaa vizuri. Wiki ya pili alifika hadi kwenye sofa, akageuza shingo, akarudi jikoni na beseni lake. Wiki ya tatu hakutokea kabisa. Tajiri aligombana na mkewe, na nyuma yao kigoda kilikuwa kitupu.

"Yule mama leo hakuja," alisema mgonjwa wa kitanda cha nne.

"Ameitwa," alijibu wa kitanda cha tano. "Hukumwona alivyogeuka? Hivyo ndivyo mtu anavyogeuka akiitwa na mumewe."

Siku yake ya mapumziko nesi alikwenda kwa baba mchana. Televisheni ilikuwa imehamishiwa karakana, juu ya meza ya kazi, na vioo vipya vimeegemezwa ukutani hadi mlangoni. Wateja walikuwa wamerudi. Picha ilikuwa imesimamishwa: tajiri mdomo wazi, na mbele yake mama, uso umeijaza nusu ya televisheni. Baba aliinua kioo kirefu, akakisukuma upande wa televisheni.

"Mama, nishikie."

Mama akatua beseni kwenye zulia la tajiri, akapangusa mikono kwenye gauni, akashika. Ncha ya kioo ilizama ndani ya televisheni kiasi cha kiganja. Haikutikisika. Baba akapitisha kisu, kioo kikakatika sawasawa.

"Unaona? Mkono ule ule," baba alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo nesi hakuwa ameiona tangu msiba. "Tangu aondoke nilikuwa sithubutu kukata kikubwa."

Mama alipoachia kioo na kurudi nyuma kidogo, nesi aliitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba hadi ukanda wa kandambili umezama kwenye nyama. Akachukua rimoti, akaiachia picha iende. Mama aliinua beseni, akazunguka sofa polepole, akaweka mkono juu ya kigoda. Baba aliinyakua rimoti na kubonyeza mshale. Mama alirudi kinyumenyume hadi jikoni, kisha akatoka tena na beseni.

"Baba, mwache akae!" Nesi alikuwa analia.

"Kwani mimi nimemkataza?" Baba alishangaa kweli, na macho yake nayo yalilowa. "Mimi nampenda mama yako. Kuna mtu mwingine ninayemtazama kutwa nzima namna hii?"

Hakukuwa na mwingine, na nesi alilijua hilo. Aliisogelea televisheni. "Mama, kaa basi. Usimsikilize."

"Ngoja nimalizie, mwanangu," mama alisema. "Baba yako ana kazi ya watu hapo."

Nesi alijipangusa uso kwa kiwiko, akakunja mikono ya blauzi. "Basi baba, nitakushikia mimi. Yeye apumzike."

Mzee Fremu alifurahi sana. Alimshukuru, akamwombea heri, akaenda kukitoa kioo kilichokuwa nyuma ya mlango, kile cha ukumbi wa harusi, ambacho mwenye ukumbi alikuwa akikifuata mara kwa mara wiki nzima.

"Umeniokoa," alisema. "Hiki kinataka watu watatu."

Alimpanga binti yake katikati. Mama akatua beseni, akapangusa mikono, akashika upande wake. Nesi akaanza kuusikia, kupitia kioo, mkono wa mama yake ukitetemeka. Akakaza viganja ili mtetemeko usifike kwa baba.

"Tulieni hivyo hivyo," baba alisema, akiinama na kisu. "Hii moja tu."