Funda la Kwanza

Katika mtaa wa Katoyi, Goma, hakuna mtu anayekunywa pombe ya ndizi kabla muuzaji hajaionja mbele yake. Si matusi, ni desturi. Sumu haina rangi, watu husema, na shahidi wake ni ulimi wa mwenye nyumba. Kwa hiyo Mama Kaswera, tangu alipoanza kuuza kasiksi, yaani pombe hiyo ya ndizi, miaka ishirini na mitatu iliyopita, alipiga funda moja kutoka kila kibuyu kabla ya kumkabidhi mteja. Funda moja tu. Kisha alijipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge na kusema, "Karibu, ni salama."

Alipoulizwa kama anakunywa, alishangaa. "Mimi? Mimi naonja tu."

Ndivyo alivyomjibu Bénita, muuguzi wa kituo cha afya, siku alipokwenda kwa sababu ya miguu iliyovimba na chakula kilichokataa kukaa tumboni. Bénita alimbonyeza chini ya mbavu za kuume polepole, baada ya kusugua viganja vyake vipate joto. Kaswera aliliona hilo. Wengi husahau kwamba mikono yao ni baridi.

"Mama, ini lako limekuwa kubwa. Na tansyo, presha ya damu, iko juu. Unakunywa kiasi gani?"

"Naonja tu, mwanangu."

Bénita hakubisha. "Basi kesho, kila ukionja, mwaga funda jingine kama hilo ndani ya sufuria. Jioni uitazame."

Jioni ya kesho yake sufuria ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na ilikuwa ile ya kupikia maharage ya watu sita. Kaswera aliitazama, kisha akaimwaga juu ya mawe meusi ya volkano nyuma ya nyumba. Hakuwa amelewa hata siku moja maishani mwake. Kumbe tumbo lake lilikuwa likipokea sufuria nzima kila siku.

Aliporudi kituoni, Bénita alimwambia ini linaweza kupona bado. "Lakini si kupunguza, mama. Ni kuacha."

Kuacha kunywa halikuwa jambo la kumtisha Kaswera. Kuacha kuonja, ndiko kulikomtisha. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wote walikuwa Butembo na Beni. Waliomwuliza asubuhi kama amelala vizuri ni wateja waliokaa kwenye benchi lake. Mvua ilipopasua paa, ni wao waliokuja na turubai bila kuitwa. Asipoonja, nani atakunywa? Na wasipokunywa, benchi litabaki ubao tu.

Akajaribu ujanja. Alhamisi Hilaire alifika wa kwanza, peke yake. Hilaire alikuwa mtu wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, na kila siku aliteremsha viazi kutoka Kibati. Kaswera aliinua kibuyu, akalowesha midomo, akakishusha.

"Karibu, ni salama."

Hilaire hakunyoosha mkono. "Mama, koo lako halikucheza."

"Limecheza. Wewe ndiye hukuona."

"Niko na macho mawili, mama, na yote mawili hayajakunywa bado."

Kaswera akaona aibu, akamweleza yote: ini, sufuria, maneno ya Bénita. Hilaire alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa, mama, kitu chenye wamekukataza wewe, sisi ndio unatupatia?"

Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililouma. Kisha akaiinua chukudu yake akaondoka, koo likiwa kavu.

Kesho yake Kaswera alitoa ndizi kwenye pipa kuukuu anamozivundika, maana ardhi ya Katoyi ni jiwe tupu na huwezi kuchimba shimo. Akazikamua kwa majani hadi maji yake yakatoka, akayachuja. Huo ulikuwa mutobe, maji matamu ya ndizi. Kilichobaki kilikuwa kunyunyiza unga wa mtama uliokaangwa, ndipo mutobe ugeuke pombe. Bakuli la unga lilikuwa mkononi mwake, na swali la Hilaire bado halikuwa na jibu. Akalirudisha bakuli juu ya rafu. Unga ule aliukorogea uji baadaye.

Siku tatu hakuna aliyekaa kwenye benchi. Hata wa kuulizia bei hakupita. Kaswera alijua sababu, au alidhani anajua: Hilaire amesema. Katika Goma neno sumu hukimbia kuliko pikipiki. Kila jioni aliwagawia watoto wa jirani mutobe usije ukachacha, na kila asubuhi alikamua tena.

Siku ya nne Idriss alisimama kwenye lango. Alikuwa dereva wa lori, Mwislamu, wazazi wake walitoka Maniema. Kila Idi alimletea Kaswera sahani ya nyama, na Kaswera aliirudisha ikiwa na ndizi. Kwa miaka yote hiyo alimsalimia kutoka langoni, hakuingia, kwa ajili ya pombe.

"Hodi, mama. Nasikia harufu ya ndizi, lakini ile nyingine siisikii."

"Ile nyingine imekwisha, papa. Hii ni mutobe, nimeukamua asubuhi hii. Hauna hata chembe ya unga."

"Basi leo naingia."

Kaswera akamimina, akaonja. Funda kubwa, koo likacheza. Idriss akakaa kwenye benchi akanywa kikombe chote bila kupumzika.

Alikuwa akiomba cha pili wakati chukudu iliposimama nje.

"Mama!" Hilaire aliita, akimkonyeza. "Umerudi lini kutoka Butembo?"

"Butembo gani?"

"Ah, hakutoka hapa," Idriss alisema. "Mimi nimemwona kila siku."

Hilaire akakuna kichwa. "Niliwaambia wenzangu umekwenda matanga Butembo. Mutu akisikia umeacha kuonja, atasema mengine. Nikaona bora wasije kwanza."

Kaswera alicheka hadi akashika mbavu, zile zile za kuume. Siku tatu alikuwa akimlaani kimoyomoyo aliyekuwa akilinda jina lake.

"Na hii ni nini?" Hilaire alinusa kikombe. "Mutobe? Hii ni ya batoto!"

"Na ya wenye ini," Kaswera alisema.

"Na ya Waislamu," Idriss aliongeza. "Wasambazie wenzako habari kwamba amerudi. Wengine watakataa mutobe, waache. Songa huku, ukae."

Hilaire akakaa. Kaswera akammiminia.

"Onja kwanza, mama."

"Nimekwisha kuonja."

"Mimi sikuona."

Kaswera akainua kikombe. Hilaire aliliangalia koo lake hadi likacheza, kisha akanyoosha mkono.