Sura za Kulia

Aloyo alikuwa akichana magazeti ya kutengenezea vinyago, chumbani kwake nyuma ya soko la Wandegeya, Kampala, Kapteni Marjan alipomletea karatasi yenye muhuri. Iliagiza sura ishirini za kulia kwa ajili ya gwaride la sherehe. Kapteni alikusudia sura za kuvaliwa na wachezaji wa safu ya mkono wa kulia. Za kushoto alikuwa ameziagiza kwingine. Aloyo aliisoma mara mbili, akaelewa alivyotaka kuelewa.

Kaka yake Oloya, polisi, alichukuliwa Februari na watu wa usalama, wale wa miwani ya jua. Serikali ilisema amesafiri. Kumlilia mtu aliyesafiri lilikuwa kosa, kwa hiyo Aloyo hakuwa amelia, na kifua kilimuuma kama mtu aliyemeza mfupa.

Alikoroga gundi ya unga wa muhogo, akaanza na sura ya Oloya, na kovu lake juu ya jicho. Zote ishirini zilipokauka, zikaanza kulia. Akazitegea mabeseni.

Siku ya gwaride safu ya kulia ilipita mbele ya jukwaa ikitiririkwa machozi. Mashati ya wachezaji yalilowa hadi kiunoni. Bendi iliendelea, wageni wakapiga makofi. Aloyo alisimama wima katikati ya umati. Kazi ya mikono yake ilikuwa ikipita, naye alijivuna waziwazi.

Kesho yake Kapteni alikuja amefura.

"Mama, nani natuma wewe kufanya sura nalia?"

"Wewe, afande. Soma."

Alisoma. Sahihi ilikuwa yake.

"Hii ni kulia ya mkono!"

"Afande, sura haina mkono."

Kapteni alifikiri, akaona ni kweli, akazimwaga sura mlangoni, akaondoka na karatasi yake.

Tangu hapo wanawake wa Kawempe na Kibuli, ambao watu wao nao walisemwa wamesafiri, walikuja kuziazima. Sura ililia siku tatu sebuleni, wenyewe wakakaa kando, macho makavu, bila kosa. Oloya hakurudishwa. Aloyo alipokwenda kuulizia mwili, aliambiwa bado yuko safarini.

Mwezi wa kumi akaja mke wa Kapteni Marjan, bila viatu.

"Mama, bwana yangu walimuchukua jana."

Moyo wa Aloyo ulitaka kumfukuza. Lakini Kampala nzima hapakuwa na fundi mwingine wa sura zinazolia, naye alilijua hilo. Akamsogezea kigoda, akaanza kuchana gazeti.

"Kaa," alisema. "Pua yake naikumbuka."