Giaboksi ya Pikapu ya Kache

Pikapu ilipofika gereji kwangu Ukunda, dereva wake alikuwa ameshafukuzwa kazi, na aliyemfukuzisha ni mimi. Mama Kache, mwenye pikapu, hupeleka samaki kutoka Shimoni hadi mahoteli ya Diani. Alinipigia simu Jumanne akaniambia gia ya tatu inachelewa, injini inanguruma na gari haliendi. Pikapu kongwe, ya otomatiki. Nikamjibu papo hapo, sijaiona wala sijaigusa: "Dereva huyo anakuulia gari. Watu wa bara hao hukanyaga mafuta kama wanafukuzwa." Jioni hiyo dereva huyo, Austine, akaambiwa asirudi. Ana watoto wawili waliokuwa wakisoma hapa Ukunda.

Nina miaka thelathini katika kazi hii, na maringo yangu yana umri huo huo.

Jumamosi Kache alikuja na kaka yake, Mwero, mvuvi wa Bodo, ndiye aliyeendesha. Tukasalimiana, tukajuliana hali za nyumbani, kisha nikaingia kazini. Injini ikiwa baridi, gia zilipanda moja baada ya nyingine bila kosa. Nikaiendesha hadi karibu na Msambweni ipate joto. Wakati wa kurudi ikaanza vituko: kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini ilipiga kelele, pikapu ikazubaa, halafu ikashika kwa kishindo. Dereva anayekanyaga ovyo huunguza mafuta ya giaboksi. Huwa meusi na hunuka moto. Nilikuwa nikiyangojea hayo meusi kwa hamu, nakiri.

Nikaiacha injini ikizunguka, nikachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yale huwa mekundu, maangavu. Haya yalikuwa na rangi ya juisi ya mapera iliyotiwa maziwa. Nikadondosha tone kwenye bati la moto la jiko la mama anayeuza chai kando ya gereji. Likatatarika. Mafuta matupu hayatatariki. Haya yalikuwa na maji.

"Itakuwa ni mvua," Kache akasema haraka.

Mvua gani hiyo ya kupanda giaboksi? Nikalala chini ya pikapu. Kulikuwa safi kuliko gari lolote la samaki nililowahi kuliona. Lakini juu ya giaboksi, mahali ambapo mkono haufiki, chumvi nyeupe ilikuwa imeganda kuzunguka kijibomba chake cha kupumulia.

"Kaka Mwero," nikaita nikiwa chini, "boti yako unaivutaje nchi kavu?"

Mwero hakuficha. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko ya Austine, huichukua pikapu, huirudisha kinyumenyume baharini mpaka magurudumu ya nyuma yazame, kisha hufunga kamba na kuvuta. "Lakini naiosha, fundi! Maji baridi ya kisima, ndoo kumi, kama ninavyoiosha mashine ya boti. Chumvi siiachi hata tone."

Nikamweleza. Giaboksi iliyotoka safari ina joto. Ikiingia majini ghafla inapoa, inavuta pumzi kwa kile kijibomba, na inachovuta ni bahari. Ndoo kumi za nje haziwezi kuosha ndani. Maji hayo huzibambua sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi, ndipo gia huteleza. Dereva hahusiki hata chembe. Mwero alikaa juu ya tairi kuukuu, kichwa chini. Nilimhurumia, kwa maana yeye alikosea kwa kujali. Mimi nilikosea kwa domo.

Kache akanigeukia. "Mpigie wewe," akasema. "Maneno yalikuwa yako."

Nikampigia, sauti nikaiweka nje ili wote wasikie. Austine alikuwa amefika kwao Vihiga. Nikamwambia giaboksi imeingia maji ya chumvi, kosa si lake, nilimhukumu bure, naomba radhi, na kazi yake ipo.

"Sirudi, fundi," akasema kwa upole. "Watoto nishawaandikisha shule huku. Lakini si nilikupigia Jumatatu, kabla Mama Kache hajakupigia? Nilitaka kukuambia inasumbua ikishapata moto tu, na mafuta yake yamebadilika rangi. Uliniuliza kwetu ni wapi. Nikakwambia, ukakata simu."

Ni kweli, alinipigia. Na Kache alikuwa amesimama pale pale, amesikia yote.